Taarifa Kutoka Usingizini

Mara tatu niliandika kwamba paa la wodi ya wazazi, pale hospitali, lina ufa unaopitisha mkono. Mara tatu gazeti letu likaiweka habari hiyo mtandaoni, na aliyeisoma ni mdogo wangu peke yake, tena yeye ni muuguzi wa wodi hiyohiyo, ufa anauona kila siku. Roho iliniuma, acha tu.

Siku moja baada ya chakula cha mchana nikapitiwa na usingizi mezani. Simu ya ofisi, ile ya kurushia matangazo ya moja kwa moja, ilikuwa imesahaulika ikiwa hewani, inanitazama. Nilipozinduka, wenzangu walikuwa wamenizunguka kimya, na mhariri analia kwa furaha.

"Mzee, watu laki mbili wamekuangalia! Usiinuke. Lala tena."

Tangu hapo kazi yangu ikawa kulala. Nikaletewa godoro, na mwandishi wa michezo akapangiwa zamu ya kunipepea. Sasa mtu ukilazimishwa kulala, usingizi wenyewe unapaa. Nikawa nafumba macho tu na kukoroma kwa kujitahidi, huku namuwaza mdogo wangu na ule ufa juu ya kichwa chake. Mwishowe nikaropoka, macho nimeyafumba: "Paa la wodi ya wazazi litaanguka."

Mji ukalipuka. "Huyu hawezi kudanganya, kalala!" watu waliandika. Kabla ya jioni, akina mama na vichanga vyao walikuwa wamehamishiwa ukumbi wa shule. Mdogo wangu akanipigia akicheka na kulia.

Kesho yake meya akajibu. Alivaa pijama, akapanda kitandani mbele ya simu yake, akakoroma kidogo, kisha akasema, "Paa ni imara kabisa." Watazamaji wakagawanyika. Mhariri akamwalika daktari wa usingizi achambue ni nani kati yetu aliyekoroma kwa ukweli zaidi.

Hapo uzalendo ukanishinda. Nikatupa shuka, nikasimama mbele ya simu, nikakodoa macho.

"Mimi ni mwandishi wa habari! Nimepanda juu ya lile paa mwenyewe. Huo ufa nimeutia mkono huu!"

Maoni yakaanza kumiminika.

"Kumbe yuko macho!"

"Tapeli mkubwa!"

"Meya angalau alilala."

Mhariri akashika kichwa. Haikuchukua muda, mdogo wangu akapiga simu, na nyuma ya sauti yake nikasikia magurudumu ya vitanda yakikwaruza sakafu.

"Kaka, wanawarudisha wodini. Kuna mama kashaanza uchungu, wamemlaza chini ya ufa kabisa."

"Lakini nimesema ukweli, mdogo wangu. Nimesema waziwazi, wote wamenisikia."

"Si ndiyo shida yenyewe? Kaka, nakuomba, nenda kalale."