Vibonyezo Viwili Visivyolia

Mdogo wangu alikufa Jumanne asubuhi, ini likiwa limemwisha. Mazishi yalipangwa Alhamisi saa kumi. Jumatano mchana nyumba ilikuwa imejaa watu mpaka uani, na mtu mmoja tu alikuwa hajatoka chumbani kwake: baba yetu.

Shangazi aliingia mara mbili kumbembeleza. Mara ya pili alitoka na macho mekundu.

"Kaka yangu amekuwa jiwe," aliniambia jikoni. "Anasema hamziki mtu aliyemdharau mara nne mbele ya watu wazima. Nikamwambia, huyo mtu alikuwa na miaka kumi! Akanigeuzia mgongo."

"Labda kesho atalainika."

"Wewe ndiye unayeishi naye. Lini umemwona akilainika?"

Nilipanga vikombe kwenye sinia, nikapeleka chai sebuleni.

Sebuleni walikaa wenzake wa bendi. Mdogo wangu alipiga kinanda kwenye mahoteli karibu miaka ishirini na tano, na wenzake walimwita Profesa kwa sababu hakuna wimbo aliopiga bila karatasi mbele yake, hata ule ambao angeweza kuupiga akiwa usingizini. Walikuwa watatu. Mpiga tarumbeta, mtu mnene aliyeitwa Pengo kwa jino lake la mbele. Mpiga dramu, mwembamba kama ufagio. Na mwimbaji wao, mama wa makamo aliyekuwa amevua viatu na kukalia miguu yake kwenye kochi. Walikuwa wanasimuliana walivyofundishwa muziki utotoni, kwa sababu mtu akinyamaza mmoja wao alianza kulia.

"Mimi mwalimu wangu alinisimamisha mbele ya ukuta," alisema Pengo. "Kipande cha karatasi ukutani, nikishikilie kwa pumzi tu. Karatasi ikishuka, fimbo inapanda."

"Ndiyo maana una mapafu ya ng'ombe," alisema mpiga dramu.

"Na matako ya punda, kwa zile fimbo."

"Afadhali yenu," alisema mwimbaji. "Mimi nilifungiwa kabatini, kwenye majoho ya kwaya, mpaka niifikie sauti ya juu. Nikiifikia, nafunguliwa. Mpaka leo nikipanda pale juu nanusa naftalini, ile dawa ya kufukuza nondo."

"Kumbe mama huwa unafumba macho kwa naftalini! Sisi tunadhani ni hisia," alisema mpiga dramu.

Walicheka. Hata mimi nilitabasamu, sinia mkononi. Kisha Pengo akafuta macho na kusema, "Lakini hakuna aliyemfikia Profesa. Nota ile ile, makosa mara nne! Mara nne, jamani, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo yake!"

"Si alituambia mwenyewe," alisema mpiga dramu, akinigeukia. "Eti wiki nzima alikuwa anacheza mpira, hakufanya mazoezi hata siku moja. Dada, ni kweli alikuwa mtoro hivyo?"

Niliweka sinia mezani. Nikasema sukari imebaki jikoni, nikatoka.

Mdogo wangu hakuwahi kucheza mpira wiki ile. Alifanya mazoezi mpaka vidole vikaota sugu. Makosa yale yalikuwa yangu.

Tulifundishwa kinanda na mkunga mstaafu aliyekaa mtaa wa nyuma. Kinanda chake kilikuwa kimeliwa na unyevu wa miaka mingi, na upande wa kulia kilikuwa na vibonyezo viwili jirani visivyolia kabisa. Ukibonyeza unasikia mbao tu: tok. Sisi watoto tuliviita Bubu Mkubwa na Bubu Mdogo. Mkunga alituambia tubonyeze hivyo hivyo na kuimba moyoni. Nyumbani hatukuwa na kinanda. Baba alikuwa ametuchorea vibonyezo kwa rangi kwenye ubao mrefu, na mdogo wangu alifanyia mazoezi pale, jioni baada ya jioni, bila sauti yoyote.

Baba aliongoza kwaya ya kiwandani. Alikuwa na sauti ya kutetemesha vioo lakini nota hakuzijua. Aliokota nyimbo kwa sikio, na wasomi wa kwaya walimcheka pembeni. Alitaka mtoto wake azisome. Mimi nilikuwa mzito wa vidole, kwa hiyo tumaini lote likahamia kwa mdogo wangu.

Mwaka ule onyesho la wanafunzi lilifanyika katika ukumbi wa kiwanda. Mgeni alikuwa mwalimu kutoka shule kubwa ya muziki ya bweni, aliyekuja kuchagua watoto wawili wa kuwasomesha bure. Mkunga hakuruhusu kitabu chake kitoke nyumbani mwake, hivyo kila mtoto alinakili wimbo wake kwa mkono. Mdogo wangu alikuwa na mwandiko wa kuku. Nilimnakilia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Nota moja ya juu niliishusha. Badala ya kuiweka juu ya mstari niliiweka katika nafasi iliyo chini yake. Sehemu ile ya wimbo inarudi mara nne, na mimi nikaona, kwani kuna haja gani ya kuangalia kitabu tena? Nikanakili kutoka kwenye mstari wangu mwenyewe, mara tatu zilizobaki. Mkunga alitupa jicho kwenye karatasi, akasema, "Mwandiko mzuri, binti." Nota iliyotakiwa ilikuwa Bubu Mkubwa. Niliyoiandika ilikuwa Bubu Mdogo. Kwa miezi mitatu mdogo wangu alibonyeza kisichotakiwa, na mkunga, amekaa dirishani na ushonaji wake, alisikia tok pale alipotegemea tok.

Kinanda cha ukumbini kilikuwa kizima. Fundi alikuwa amekirekebisha asubuhi ile ile.

Namwona bado amekaa, miguu haifiki chini. Alianza vizuri mpaka watu wakatulia. Kisha ile nota ikatoka, kali, mahali si pake, na ukumbi wote ukageuza shingo. Alishtuka kuliko wote. Aliendelea, akafika tena pale, akaikazia macho karatasi, akabonyeza alichoambiwa na karatasi. Watu wakaanza kuguna. Mara ya tatu wakacheka. Mara ya nne alisimamisha kidole hewani, akanitazama mimi, niliyekaa mstari wa pili kati ya baba na marehemu mama. Nadhani hapo ndipo alipojua. Kisha akashusha kidole kwenye nota ile ile, akamaliza wimbo, akainama kama tulivyofundishwa.

Msimamizi wa kiwanda alimpiga baba begani na kusema, "Pole, mzee, si kila mtoto."

Kulikuwa na jambo jingine lililomharibia. Mdogo wangu alikuwa bado anakojoa kitandani, na wiki ile alikuwa amemlilia mama kwamba hataki kwenda bweni, wenzake watamcheka. Baba alisikia. Kwa hiyo tulipofika nyumbani hakuuliza kama amekosea. Aliuliza, "Umenifanyia makusudi?"

"Hapana, baba."

"Mtu anakosea mara moja. Mara nne ni dharau."

Akavua mkanda. Mdogo wangu alinitazama mara moja tu, na mimi nikatazama sakafu. Ilikuwa sakafu ya saruji nyekundu, yenye ufa uliofika mpaka chini ya meza. Naujua ufa ule kuliko kiganja changu. Kati ya viboko baba alirudia, "Sema kwa nini." Angeweza kusema. Maneno manne yangetosha: dada ndiye aliyeandika vibaya. Alisema tu, "Sijui, baba."

Tangu siku ile baba hakumwita tena "mwanangu". Ubao wa vibonyezo aliupasua kuni. Mdogo wangu aliondoka akiwa na miaka kumi na saba, akajifunza upya kwenye kumbi za pombe, na pombe ikajifunza kwake. Alipokuja kututazama tulikutana kwenye mlango wa nyuma, nikamwekea chakula, akala amesimama. Miaka thelathini na minne tangu onyesho lile. Hatukulizungumza hata siku moja. Nilisubiri alianzishe yeye. Labda naye alikuwa ananisubiri mimi.

Na sasa nilikuwa nimesikia alivyolitengeneza kwa wenzake: mtoro, mcheza mpira, kichekesho cha bendi. Hata kwa watu wasionijua alinificha.

Sukari sikuipeleka. Niligonga mlango wa baba, nikaingia.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa fulana na suruali ya kulalia, saa tisa mchana. Redio imezimwa. Vicheko vya sebuleni vilikuwa vinafika hadi humo.

"Kama umetumwa na shangazi yako, rudi."

"Sijatumwa. Baba, karatasi ya nota ya siku ile niliiandika mimi."

"Karatasi gani?"

Nilimweleza. Nilimweleza kama ninavyoandika hapa, kitabu kisichotoka nyumbani, mstari na nafasi, vibonyezo viwili visivyolia. Ilibidi nimchoree kwa kidole juu ya shuka, kwa sababu hakujua nota inakaaje. Alifuata kidole changu kwa makini, kama mwanafunzi. Nilipomaliza alipitisha kidole chake mwenyewe pale pale juu ya shuka.

"Kwa hiyo alipiga kilichoandikwa."

"Ndiyo, baba."

"Mara zote nne."

"Ndiyo."

"Alisoma sawasawa," alisema polepole. "Mtoto wangu alikuwa anazisoma."

Nikaanza kulia. Hakunitazama.

"Alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Na akanyamaza, mimi nikampiga."

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale, baba. Niliogopa mkanda."

"Yeye hakuuogopa?"

Nikatazama sakafu, kama siku ile.

"Alikuwa na miaka kumi," alisema. "Wewe kumi na mitatu. Sawa, ulikuwa mtoto. Na ulipofika ishirini? Arobaini? Alipokuwa amelazwa, nikakuuliza juzi tu hapa, nikasema huyu mtu hata kuomba radhi hataki, ulinijibu nini?"

"Nilisema anaumwa, baba."

"Ulisema anaumwa."

Aliinuka, akashika kiegemeo cha kiti, akanyoosha mkono kuelekea kabatini. Nilitaka kumtolea koti. "Niache," alisema. "Niitie dada yangu."

Alipotokea sebuleni wanamuziki wote watatu walisimama. Alimpa kila mmoja mkono, akakaa katikati yao, akawaambia waendelee na walichokuwa wanasema. Hakuna aliyeweza kuendelea. Baba akauliza, "Alikuwa anapiga vizuri?"

"Mzee," alisema Pengo, "alikuwa hakosei."

Baba aliitikia kwa kichwa, kisha uso ukamvunjika, na mwimbaji akamshika kama mama anavyoshika mtoto.

Alhamisi alimzika. Alitupa udongo kwa mikono yote miwili, akamwita "mwanangu" kwa sauti ambayo watu wa kwaya ya zamani waliitambua. Kila mtu alisema afadhali. Shangazi alinikumbatia, akasema sijui ulimwambia nini, lakini umefanya la maana.

Jumapili shangazi alikuja kumchukua baba. Baba alikuwa amemwomba akakae kwake. Alibeba begi lake mwenyewe mpaka kwenye gari. Nilimwamkia, akapita. Nilimpelekea dawa zake za presha dirishani, akamwelekeza shangazi kwa kidole azipokee yeye.

"Mpe muda," shangazi aliniambia.

"Ana miaka themanini na moja, shangazi."

Shangazi akapanda gari.

Sasa ni mwezi wa tano tangu baba aondoke. Pengo huenda kumtembelea kila wiki mbili, na akitoka huko hupita kwangu. Anasema mzee anauliza kila kitu: mwanangu alikaa wapi, alivaa nini kazini, alipenda kula nini, watu walipiga makofi kiasi gani, nani alimwosha alipolewa. Pengo anamjibu yote, hata mabaya. Mwisho nilimuuliza kama ameniulizia.

Pengo alitazama kikombe chake. "Bado, dada."

Nilimwongezea chai, nikamwambia asiache kwenda.