Sapin katika salon ya Gédéon

Gédéon alichuchumaa mlangoni mwa salon yake, chumba cha kupokelea wageni, kikombe cha chai mkononi, akimtazama fundi Sumaili akipaka rangi sakafu mpya. Zilikuwa mbao za sapin, nyeupe kama muhogo uliomenywa, naye alizitaka ziwe na wekundu wa mbao za wakubwa. Jumamosi wakwe walikuwa wanatoka Kasongo kuja kumposa binti yake Chimène, na mtaa mzima haukuwa na salon nyingine yenye sakafu ya mbao.

Sapin si mti wa huku. Hizi zilishuka kwa lori kutoka milimani, zije kuwa madawati ya shule ya msingi. Gédéon, prezida wa komite ya wazazi, alizipokea kwake zisinyeshewe. Mvua ikaisha, mbao zikawa zimeshazoea nyumba.

"Patron," Sumaili akasema, "hii mbao iko inakunywa rangi vile inataka."

"Uilazimishe."

Akailazimisha. Rangi ilipokauka, sakafu ilipendeza, ila ilikuwa na madoa meupe ya mviringo, mawili-mawili, safu kwa safu kutoka ukutani mpaka dirishani. Carine, mke wa Gédéon, aliinamisha kichwa akayasoma.

"Ni matako," akasema. "Ya watoto. Wamekaa vizuri, hakuna anayemusukuma mwenzake."

Sumaili akapiga msasa, akarudia rangi, akamalizia na verni ya kung'arisha. Madoa yakarudi yaking'aa zaidi, maana verni ilikuwa nzuri. Ilipokauka, fundi aliingia kukagua kazi yake, akakaa juu ya doa la mbele, akakunja mikono. Gédéon alipomwambia anyanyuke, Sumaili aliinua kidole kwanza.

Jumamosi wakwe walifika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Walivua viatu, wakayapita makochi na vitambaa vyote alivyofuma Carine, wakakaa chini, kila mtu na doa lake, wafupi mbele, warefu nyuma. Gédéon akayavuta makochi karibu. Posa zimevunjika kwa kiti kibovu tu, sembuse kwa kukosa kiti.

"Bakwe, viti viko!"

"Tumeviona, Baba Chimène," akajibu Mzee Lukumani, mjomba wa bwana harusi. "Lakini nafasi yetu iko hapa."

Miguu ya Gédéon nayo ikampeleka. Doa lililobaki lilikuwa la kona ya nyuma kabisa, wanakowekwa wasumbufu. Akakaa. Lilikuwa la mtoto wa darasa la kwanza, kwa hiyo magoti yakamfika masikioni.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Aliyetaka kusema aliinua kidole. Mzee Lukumani akimpa nafasi, alisimama. Shangazi wa bwana harusi, ambaye Kasongo yote inamfahamu kwa mdomo, alisema mara moja tu, tena kwa kifupi. Gédéon akaanza kupumua.

"Swali la mwisho," akasema Mzee Lukumani. "Sakafu hii ni ya kupendeza. Mbao zilitoka wapi?"

Vidole vyote vikapanda. Cha Carine kilipanda. Sumaili, aliyekuja kwa ajili ya chakula, alinyanyuka nusu: "Mimi! Mimi!" Chimène, aliyeshika sinia, aliinua mkono uliokuwa huru. Kidole cha Gédéon peke yake kilibaki chini ya paja.

Mzee Lukumani akavitazama kimoja kimoja. Kutoka jikoni harufu ya mbuzi ilikuwa imeshaingia.

"Muzuri," akasema. "Naona wote munajua. Mushushe mikono."

Mikono ikashuka. Mbuzi akaletwa. Chimène akaposwa.

Siku hizi komite ya wazazi inakutana katika salon hiyo, kwa ajili ya nidhamu yake. Wajumbe wanakaa kwa safu na kuzungumzia madawati, mmoja mmoja, bila kelele. Asubuhi wanafunzi wanapita mbele ya dirisha kwenda shule, kila mmoja kichwani na tofali lake la kukalia.

"Mukimbie, batoto!" Gédéon anawaita kutoka kona yake. "Mutakosa nafasi!"