Maziwa Ndani ya Birika la Umeme

Jumamosi, tarehe 13 Julai 1996. Asubuhi hiyo mtaa wa Skuta ulikuwa na manyunyu na baridi ya kuuma vidole, na mlima haukuonekana. Gladwell alikuwa jikoni akiwaandalia chai watu wa ushirika wa maombi waliokusanyika sebuleni kwake. Alikuwa amekwisha kumimina maziwa na majani ndani ya birika la umeme, kama wanawake wote waliopanga katika ploti hiyo walivyofanya, kwa kuwa mgeni hapewi chai isiyo na maziwa.

Monicah, mpangaji aliyekufa jikoni humo mwaka uliopita, alikuwa amesimama kando ya soketi, amevaa patipati zake za bluu miguuni.

"Mama Karimi, toa hiyo maziwa," alisema. "Itafurika iingie kwa soketi, kama yangu."

"Sasa wageni wakunywe maji moto?"

"Maziwa chemshia kwa stovu. Na upanguse mikono."

Gladwell alitii. Monicah alikuja kila birika lilipotiwa maziwa, na hakuwa amewahi kumdanganya. Aliosha birika, akalikausha, akatia maji, akawasha. Alipoligusa kwa mgongo wa kidole, umeme ulimpiga hadi kiwikoni.

"Hapo si maziwa tena," Monicah alisema. "Soketi haina ile waya ya kupeleka stima ardhini. Nilimwambia mwenye nyumba, akaniapia kwa Biblia ataleta fundi."

Gladwell alizima swichi ukutani. Karimi, bintiye wa miaka tisa, alijipikia chai kwa birika hilo peke yake kila akitoka shule.

Mwenye nyumba, Mzee Kingori, alikuwa sebuleni, kwa kuwa ndiye aliyeongoza maombi. Wanawake hao wawili walipoingia, jirani yao Lavender alisogea Monicah apate kukaa.

"Mzee, birika imenipiga tena," Gladwell alisema. "Naogopea mtoto."

"Ni nyinyi na maziwa yenu," Kingori alijibu. "Hata huyu marehemu ni maziwa."

"Ati maziwa?" Lavender akacheka. "Leo ni maji tupu, Mzee. Enda uishike basi, ukuje utushuhudie."

Kingori hakwenda. Aliinuka, akaweka mkono juu ya Biblia, na wote wakainamisha vichwa isipokuwa Gladwell. Yeye alikuwa akitazama midomo ya Monicah, iliyokwenda sambamba na ya mzee, neno kwa neno, bila kukosea.

"Mbele za Mungu, na nyinyi mashahidi wangu, Jumatatu nitaleta fundi."