Meli Iliyozamishwa Mara Mbili

Ambrose Catterall alikuwa nahodha wa Umbrage, nyambizi ya Kiingereza, na katika bahari yote ya Mediterania hakuna vyombo vilivyokuwa salama mbele yake kuliko vyombo vya adui. Maneno hayo ni yake mwenyewe. Aliyasema mezani pale Malta, baada ya kurudi mikono mitupu kutoka doria yake ya tatu, akiamini kwamba mtu akitangulia kujicheka, wenzake hukosa cha kumchekea. Wenzake hawakukosa.

Doria ya nne ilikuja na sharti. Kamanda wa kikosi, mtu mpole aliyezoea kutoa habari mbaya huku akikoroga chai, alimweleza kwamba safari hii akirudi bila kitu, Umbrage itapewa nahodha mwingine, naye atapelekwa nyumbani Uingereza kufundisha wanafunzi darasani.

"Una sauti nzuri ya kufundishia," Kamanda alisema.

Tangu hapo Catterall hakulala raha. Aliipenda nyambizi ile iliyonuka dizeli, kabichi na soksi. Aliwapenda na watu wake, kwa mapenzi ambayo Mwingereza wa malezi yake hawezi kuyatamka bila kujisingizia maumivu ya jino.

Asubuhi moja, wakiwa wamezama karibu na pwani ya Kalabria, kusini mwa Italia, aliinua darubini juu ya maji akaona meli ya mizigo ndani ya ghuba ndogo. Ilikuwa imetulia tuli, dohani yake ikifuka moshi.

"Wamewasha tanuri," alimwambia Fitch, msaidizi wake. "Wanajiandaa kung'oa nanga."

"Msikilizaji wetu wa sauti za majini hasikii injini, afande."

"Imesimama, Fitch. Kitu kilichotulia hakivumi. Hata wewe ukilala..." Akafikiri kidogo. "Hapana, wewe ukilala unavuma."

Katika nyambizi mwenye macho ni mmoja. Watu wengine wote wamo ndani ya bomba la chuma kama dagaa mkebeni, na lile linaloonwa na jicho la nahodha ndilo linalokuwa ulimwengu wao. Jicho la Catterall siku ile liliona kile lilichokuwa likikiota kwa miezi. Akatoa amri. Topido mbili zikatoka, nyambizi ikatikisika, watu wakashika chochote kilichoshikika. Kisha ukaja mshindo.

"Tumeipiga," alisema, na mabaharia wakaanza kupigana mabegani na kukumbatiana.

Jicho likabaki kwenye darubini. Mnara wa maji ulipanda, ukaanguka. Catterall aliisubiri meli izame. Haikuzama. Ilikaa palepale kwa ukaidi wa ng'ombe aliyelala njiani, na ndege waliokuwa wameruka kwa kishindo wakarudi mmoja mmoja kutua kwenye milingoti. Umbrage ilikuwa imeanza kugeuka ili iondoke, na kadiri ilivyosogea, moshi nao ukaanza kuachana na dohani. Ulibaki nyuma, juu mlimani, ukifuka taratibu kutoka kwenye tanuri la mchoma makaa.

Hapo ndipo alipoyaona mengine: sitaha ambayo mawimbi yalikuwa yakiingia na kutoka kama wapangaji, na ubavu uliokwisha kuota majani ya bahari. Meli ile ilikuwa imekalia mchanga. Ilikuwa imekufa siku nyingi. Akakumbuka pia ni nani aliyeiua. Strachan, nahodha wa nyambizi Undertow, aliieleza habari hiyo mezani Malta, kwa kirefu, pamoja na jina la ghuba. Catterall alikuwa ameketi mkabala naye. Hakumsikiliza, kwa sababu wakati huo alikuwa akiutunga ule mzaha wake kuhusu usalama wa vyombo vya adui.

"Vipi, afande?" Fitch aliuliza. "Inaenda chini?"

"Imekaa chini," Catterall alijibu.

Kila neno lilikuwa kweli. Hakuwahi kudanganya kwa ukweli mwingi kiasi kile.

Nyambizi zote za Malta zilikuwa na bendera nyeusi ya fuvu na mifupa, na desturi ilikuwa kuipandisha pale tu nyambizi inaporudi bandarini na windo. Kwa kila meli ya mizigo iliyozamishwa hushonewa mlia mmoja mweupe. Bendera ya Umbrage ilikuwa na fuvu peke yake, fuvu lisilo na ajira. Mchana ule Catterall alimkuta Pegler, baharia wa ishara, amejikunyata kitandani na sindano, ulimi nje, akiupachika mlia wa kwanza alioukata kutoka kwenye foronya ya mto wake mwenyewe. Mpishi alitoa zabibu kavu alizokuwa akizificha tangu Krismasi, akapika pudingi. Catterall alionja kijiko kimoja.

Njia nzima ya kurudi alijitetea mbele ya nafsi yake, ambayo ilikuwa hakimu mzembe na alikaribia kushinda kesi. Adui hangeandika kulalamika. Watu wake walistahili furaha, na nahodha mgeni angeweza kuwaua kwa ujinga. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe angeweza kuwaua kwa ujinga pia, ila ujinga wake walikuwa wameshauzoea. Ulikuwa mzaha mzuri. Kwa mara ya kwanza haukumchekesha mtu, hata mtungaji.

Asubuhi Malta ilipoanza kuonekana, nyambizi ikielea juu ya maji, mabaharia walivaa sweta zao nyeupe tayari kujipanga sitahani. Pegler akaja na bendera iliyokunjwa.

"Nipandishe, Mzee?"

Catterall aliitazama. Kisha akawaomba wote wasogee wamsikie.

"Meli tuliyoizamisha," alisema, "ilikuwa imeshazama. Strachan aliiua kabla yetu. Mimi niliwapeleka mpaka Kalabria kuzaba maiti makofi. Nililijua hilo siku ileile, nikanyamaza."

Fitch alikuna kidevu.

"Na ule moshi, afande?"

"Mtu anachoma makaa mlimani."

Sauti ikatoka nyuma kabisa, kwenye injini. "Kwa hiyo hata yeye tumemkosa?"

Kicheko kilianzia huko kikaja mbele, kikampita Catterall, kikamrudia. Pegler hakucheka. Alishika ncha ya uzi, akavuta mara moja tu, mlia mzima ukabanduka.

"Nilikuwa nimeushikiza tu, Mzee. Sijaushona."

"Kwa nini?"

"Mtu aliyeona meli inazama humaliza pudingi yake."

Catterall akaamuru bendera irudishwe kabatini. Pegler akabaki amesimama, kipande cheupe mkononi.

"Tatizo ni foronya yangu, Mzee. Nimeshaikata. Nalalia turubai."

"Unataka nini, Pegler?"

"Nikikikata mviringo juu hapa, kinakuwa jiwe la kaburi, nikalishona chini ya fuvu."

"Watu wote bandarini watauliza maana yake."

"Ndiyo faida yake, afande," alisema Fitch. "Hutapata nafasi ya kubadili mawazo."

Catterall aliutazama kwa darubini mji uliokuwa ukikua mbele yao. "Lishone," alisema. "Safari hii lishone kwelikweli."

Strachan alikuwa gatini, mikono kifuani, Umbrage ilipoingia na bendera yake ikipepea.

"Catterall, ndugu yangu, mbona sikielewi kidude hicho?"

"Ni kwa ajili ya meli yako. Uliiua ukaiacha bila mazishi. Nimeenda kuizika."

Strachan alicheka hadi ikabidi ashike nguzo ya kufungia kamba.

Kamanda hakucheka. Alisikiliza habari yote, pamoja na sehemu ya mzaha uliomziba Catterall masikio, kijiko kikizunguka ndani ya kikombe.

"Nikijumlisha meli zote ambazo manahodha wangu wanasema wamezizamisha," alisema mwishowe, "adui amebaki na ngalawa. Lakini mizigo yake inafika Afrika kila wiki. Nahitaji japo mtu mmoja ambaye akiniambia meli imezama, nami niifute kwenye orodha."

"Na lile darasa, afande?"

"Halikimbii. Utatoka tena Jumatatu na Umbrage. Ila kabla ya kutoka, utakaa na Strachan akueleze kila alikopita. Na umsikilize."

"Ndiyo, afande."

"Bila kutunga mzaha."

Catterall alikuwa ameshautunga mmoja tayari, kuhusu topido mbili na gharama za mazishi, na ulikuwa bora kuliko yote aliyowahi kuitunga. Aliushika mdomoni kwa muda, akaipokea chai aliyosogezewa, akaumeza.