Swichi Mbili za Kitanda Kimoja

Shemeji yangu Adinani hajui kumliwaza mtu. Mfiwa akimwendea kwenye kibanda chake cha ufundi pale Gongoni, atamuuliza redio yake ina tatizo gani. Basi dada yangu Ummy alipopatwa na kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia pamoja na ulimi, na daktari akatuambia tusitarajie mengi, mumewe hakulia. Alitoka akaenda kutafuta mota.

Sababu ilikuwa chakula. Daktari alisema mgonjwa asilishwe akiwa amelala, kitamwingia kwenye mapafu, na akishakula abaki ameketi kwa muda ndipo alazwe. Kusema ni rahisi. Dada yangu ni mwanamke mwenye mwili wake, mimi mdogo wake ni mwembamba kama ufito, na Adinani mgongo ulishaharibika kwa kuinamia redio za watu. Kila mlo ukawa vita. Mmoja kashika kwapa, mwingine anasukuma mto, mgonjwa shingo imepinda, uji umemwagika kifuani. Tukimaliza tunahema wote watatu, na yeye machozi yanamtoka bila sauti. Nilifika mahali nikawa nauchukia mwiko wenyewe wa uji.

Mota aliipata kwenye gari bovu la Sindayigaya, mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu, mteja wake wa siku nyingi. Ni ile mota ndogo inayopandisha kioo cha mlango. Akaifunga kwenye jeki, jeki akaiweka uvunguni, kisha akakata chaga za upande wa kichwani na kuzirudisha kwa bawaba. Mota ikizunguka, jeki inainuka, na ubao wa kichwani unapanda taratibu na godoro lake. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari, na betri ilichajiwa na sola iliyokuwa juu ya bati.

Siku ya kwanza alimpandisha dada mpaka akakaa kama bibi harusi. Mimi, badala ya kushukuru, nikamuuliza atashukaje. Adinani akainama, akazichomoa zile waya mbili za mota kwenye betri, akazigeuza: iliyokuwa kwenye chanya akaipeleka hasi, iliyokuwa hasi ikaenda chanya. Cheche ikaruka, mota ikalia, na dada akaanza kushuka. Nilimcheka. Nikamwambia siku moja utamshusha mkeo moja kwa moja mpaka kaburini kwa hizo cheche zako.

"Mota ya betri haijui mbele wala nyuma, shemeji," alisema. "Ukizigeuza waya, inarudi ilikotoka. Kazi iliyobaki ni kuzigeuza bila kuzishika."

Kazi hiyo aliifanya kwa swichi yenye miguu sita. Alinieleza mpaka mimi, nisiyeweza hata kubadili betri za tochi, nikaelewa. Miguu miwili ya katikati inakwenda kwenye mota. Miwili ya juu inapokea betri. Miwili ya chini inapokea betri hiyo hiyo, ila waya zimepishana, chanya mahali pa hasi. Ukibonyeza juu kitanda kinapanda, ukibonyeza chini kinashuka, ukiachia swichi inarudi yenyewe katikati na mota inatulia. Akaipigilia kwenye ubao wa miguuni.

Siku chache baadaye nilimwona dada akiuvuta waya wa swichi uliopita ubavuni mwa kitanda, kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima. Nilidhani ni mchezo wa mgonjwa tu. Adinani alimtazama, akaondoka, na jioni akarudi na swichi ya pili ya namna ile ile, ameifunga kwenye kipande cha ubao laini kinachoenea kiganjani. Waya zake zilikwenda kwenye mota ile ile. Akamwekea mkononi bila kusema neno.

Ummy akabonyeza, akapanda. Akabonyeza chini, akashuka. Alipanda na kushuka jioni nzima, na midomo yake ikacheka upande mmoja, upande uliobaki. Tangu augue alikuwa analishwa, anageuzwa, anafutwa, anavalishwa, na leo kuna kitu kimoja anakifanya mwenyewe. Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kulia kwa furaha ndani ya nyumba ile.

Yaliyotuharibia ni ustaarabu. Sisi watu wa Tabora mjini tumelelewa juu ya mgeni. Mababu zetu walibaki hapa misafara ilipopita, na mji wenyewe ulikua kwa kupokea watu waliofika wamechoka. Mgeni haachwi mlangoni wala hapokelewi umelala. Kwa hiyo ikawa kila hodi ikisikika, Adinani anabonyeza swichi yake ya miguuni kabla hata hajaitika, na mgeni anaingia akimkuta mwenye nyumba ameketi. Wageni hawakukauka. Waliokuja kumjulia hali walikuja pia kuona kitanda, na waliokuja kuona kitanda walikaa mpaka saa ya uji. Bi Anifa, jirani wa ukuta wa pili, alikuwa haondoki bila kuomba dada ashushwe na kupandishwa kidogo, aone tena.

Sasa mjue dada yangu alikuwa nani. Ummy alikuwa kungwi. Nusu ya wanawake walioolewa mtaani kwetu wamepita mikononi mwake. Ndiye aliyewafundisha kukaa, kutawaza, kujifunika, kuweka tonge mdomoni mbele ya mama mkwe bila kuonyesha ulimi. Na wanawake hao hao sasa walikaa mkekani wakiutazama uji ukimteremka kidevuni, wakisema mashallah, leo amekula. Walisema kwa mapenzi, siwalaumu. Sisi tuliona tunamheshimu kwa kumketisha mbele ya wageni wake. Hatukujua tunamvua nguo.

Siku moja Bi Anifa akapiga hodi. Adinani akabonyeza juu. Kitanda kikatikisika, hakikupanda, na mota ikanyamaza. Akakagua, akakuta fyuzi imeungua, akaweka nyingine. Kesho yake ikawa vile vile, hodi na fyuzi. Akaifungua swichi yake, akaifungua mota, akalala uvunguni asubuhi nzima akizitafuta waya zilizogusana. Aliyasema mabaya yote kuhusu mota za magari mabovu. Mimi nilikuwa nimekaa kichwani kwa mgonjwa, nikaona kidole gumba chake kilipokuwa.

"Shemeji, acha kufungua kitu kizima," nilimwambia. "Mkeo anabonyeza chini."

Alitoka uvunguni polepole, vumbi kichwani. Alijua mara moja, kwa sababu ni yeye aliyezifunga. Swichi mbili zikibonyezwa kinyume kwa wakati mmoja, chanya inakutana na hasi uso kwa uso, na fyuzi inakufa ili waya zisiwake moto. Hakufikiri kwamba itatokea. Fundi gani angefikiri kwamba mume na mke watavutana kwenye mota moja?

Basi tukasema ni wageni. Tukawazuia. Nilisimama mlangoni nikawaambia watu amelala, amelala, amelala, mpaka mtaa ukasema tunamficha, na wengine wakasema Adinani ana kitu uvunguni kisichokuwa jeki. Niliwaacha waseme. Ilinipa hata raha kidogo kugombana na watu wenye afya zao.

Lakini nyumba ikiwa tupu, sisi watatu tu, Adinani alipobonyeza juu kwa ajili ya uji, Ummy alibonyeza chini. Fyuzi. Akaweka nyingine, akabembeleza, akabonyeza. Fyuzi. Mimi nimesimama na bakuli, uji unapoa na kuweka utando.

Adinani akakaa ukingoni mwa kitanda. Walikuwa na lugha yao tangu augue: ndiyo ni kufumba macho, hapana ni kuyaacha wazi.

"Mama Majidi, ni sasa hivi tu hutaki kula?"

Macho yakabaki wazi.

"Hutaki kula tena?"

Akayafumba. Akayaweka yamefumbwa muda mrefu, asije mtu akadhani ni kupepesa.

Nilipandwa na hasira ambayo sikuijua. Nilimwambia dada kwamba kujidhulumu ni dhambi, kwamba roho ni ya Mwenyezi Mungu, kwamba mimi nimeacha biashara yangu ya vitenge kuja kumuuguza na yeye ananifanyia hivi. Alinisikiliza yote. Majidi, mtoto wao, alipiga simu kutoka Dar akasema tumlazimishe, mama yake haelewi anachofanya. Mtu aliye mbali ana amri nyingi. Lakini sote tulijua kwamba Ummy anaelewa kuliko sisi.

Adinani alikwenda kibandani, akarudi na kidude kidogo kilichofungwa kwenye boksi la plastiki. Akakipachika kati ya zile swichi mbili, na kazi yake ilikuwa moja: swichi ya miguuni ikibonyezwa, ya mkononi inakatwa. Hakuna kukutana tena, hakuna fyuzi kuungua. Mkubwa ni mmoja.

Mchana wa siku ile alibonyeza juu. Ummy akabonyeza chini. Kitanda kikapanda. Akabonyeza tena, akakaza kidole mpaka ukucha ukawa mweupe, na kitanda kikaendelea kupanda kwa sauti yake ile ile, bila wasiwasi. Akaiinua swichi yake karibu na macho akaitazama. Kisha akaishusha pajani, akafungua mdomo, na nikamlisha bakuli zima. Hakukataa hata mwiko mmoja. Alimeza huku anatazama ukuta. Adinani alisimama miguuni muda wote, kidole kwenye swichi yake, ingawa kitanda kilishafika mwisho na hapakuwa na cha kubonyeza. Tulikuwa tumeshinda. Sijawahi kuona ushindi mbaya kama ule, na simwombei hata adui yangu aupate.

Nilipokuwa naosha bakuli nikamsikia Adinani uvunguni. Nilirudi nikamkuta na plaizi, amekwishazikata waya za swichi yake na anaing'oa ubaoni. Kile kidude nacho alikuwa amekitoa. Niligombana naye palepale, mbele ya mgonjwa. Nilimwambia unamuua mkeo kwa mkono wako.

"Nilimpa swichi, halafu nikamfanya aishike bure," alisema. "Nikiiacha hivi, shemeji, nitakuwa nimemdanganya mpaka afe."

Nikarudi jikoni kumalizia bakuli.

Siku iliyofuata hatukumgusa. Niliweka uji juu ya stuli, nikakaa. Adinani alikaa upande wa pili, mikono mapajani, hajui aiweke wapi kwa kuwa haikuwa na kitu cha kutengeneza. Asubuhi ikapita. Jua likafika dirishani. Kisha mota ikalia.

Alikuwa anapanda, mwenyewe, bila kuambiwa. Niliinuka nikashika bakuli, nikamtazama Adinani, naye alikuwa amesimama, na uso wake ulikuwa uso wa kijana. Dada akapanda mpaka mwisho. Akatazama nje dirishani, uani, kwenye kamba ya nguo na kuku wa Bi Anifa. Akanitazama mimi. Akamtazama mumewe kwa muda mrefu sana. Akaonyesha kwa kidevu gudulia la maji, nikampa kijiko kimoja kimoja, akameza vizuri, na nilipomfuta mdomo aliniachia nimfute. Nikamsogezea uji. Akageuza uso, taratibu, bila ubishi wowote.

Kisha akabonyeza chini. Kushuka kwa kile kitanda kulikuwa kunachukua muda mfupi kuliko kupanda, lakini siku ile niliona hakuishi. Alipolala sawasawa, mota ikanyamaza. Akaunyoosha mkono wake wa kushoto kwa mumewe, na swichi ikiwa ndani yake, kama mtu anayerudisha kitu alichomaliza kukitumia.

Adinani hakuipokea. Alimwambia kaa nayo, Mama Majidi, ni yako, hakuna mwenye nyingine. Dada akaacha macho wazi. Mkono ukabaki pale hewani, ukaanza kushuka kwa uzito wa kipande kile cha ubao.

"Ichukue, shemeji," nikasema. "Mkono unamchoka."

Akaichukua. Dada akaurudisha mkono kifuani, akafumba macho, ile ndiyo yake ya muda mrefu.