Nikumbatieni Mimi

Anésie alikuwa anakuja, mikono ameitanua kana kwamba anataka kulibeba kanisa zima, na nyuma yake kwaya. Kwetu Warundi salamu ya mkono haitoshi. Unamvuta mtu, unambana kifua kwa kifua, unampigapiga mgongo mpaka utakapokumbuka kumwachia. Na aliyesimama kando yangu mlangoni mwa kanisa, pale Rooty Hill, ni binti yangu Arakaza, hata mwezi haujaisha tangu apasuliwe, ana chuma kifuani.

Alizaliwa na kifua kilichobonyea. Kambini Mtabila, tulipokuwa wakimbizi Tanzania, nikimwogesha, maji yalituama pale katikati, na marehemu mume wangu Lazare akicheka: "Mungu kamwekea kikombe." Kufika usichana wake, hapa Sydney, kikombe kile kilikuwa kinaubana moyo. Akipanda ngazi za stesheni, anahema kama bibi kizee.

Madaktari hawakumpasua kifua. Walitoboa ubavuni tu, huku na huku, wakapitisha chuma kilichopinda kama upinde, wakakigeuza, mfupa ukainuka. Nilipoingia wodini, shuka lilikuwa limejaa pale palipokuwa na shimo siku zote. Nikapiga magoti hapohapo sakafuni.

Nesi Jepchumba, Mkenya, akaniinua. "Mama, mshukuru Mungu, lakini sasa kazi ni yako. Hiyo chuma haijashika bado. Asijipinde, asibebe begi, na akiamka usimvute mikono. Ikihama, tunampasua tena."

Kisha akampa Arakaza kidude cha plastiki chenye mipira mitatu. Avute pumzi mpaka mipira ipande, makohozi yasije yakalala mapafuni yakamletea nimonia.

Arakaza akageuza uso, akasema kwa Kiingereza chake kwamba inauma.

"Vuta, mwanangu. Mimi nasali, wewe vuta."

Mpira mmoja ukapanda, ukatetemeka, ukaanguka. Tangu utoto nasikia kwamba Mungu alimpulizia Adamu pumzi. Siku ile niliiona kwa macho yangu, inainua mpira wa bluu.

Basi pale mlangoni sikuwaza. Nikajiweka mbele yake.

"Anésie, simama! Utamgeuzia chuma."

"Jamani, Mama Arakaza! Mtoto kaponyoka kaburini, tumtazame tu kama picha ukutani?"

"Nikumbatieni mimi. Leo kifua chake ni hiki."

Watu wakaangua kicheko. Anésie akanibana mpaka kitenge kikalegea, akaja mwingine, na mwingine, kwaya yote, hata mchungaji, wakinipiga mgongo na kuliita jina la binti yangu. Tangu tulipomzika Lazare, hakuna aliyenishika hivyo. Nyuma yangu nikamsikia Arakaza, kwa Kiswahili anachokificha siku zote:

"Mama, vuta pumzi."

Chuma hakikuhama. Kilikaa miaka mitatu. Daktari alisharuhusu kukumbatiana zamani, lakini mimi sikuthubutu. Nilimshika mabega tu, kama mtu anayeshika yai.

Kilipotolewa, na vidonda vikapona, alinikuta jikoni nakoroga maharage. Akanizungushia mikono, akanivuta. Nikangoja kuihisi ile nafasi pale katikati, niliyoizoea tangu akiwa mchanga. Haikuwepo. Palikuwa na moyo wake, unagonga kwangu taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Mwiko ukazama sufuriani. Nikauacha.