Nyonga ya Jemadari

Wiki ya majaribio ya kazi ilibakiza saa tatu tu iishe, na mama wa mtoto wa miezi tisa alikuwa ameshajipa kazi hiyo moyoni. Uchoraji wa kompyuta alijifunza kwa masomo ya jioni, akisinzia mstari wa nyuma kwa bidii kuliko wenzake wote. Sasa alikuwa amemkamilisha jemadari wa sayari ya mbali kwa ajili ya mchezo mpya wa kompyuta: mikono minne, magamba ya shaba, macho matatu yasiyopepesa. Kichwa kilimvimba.

Fundi wa miondoko, kaka mwenye ulimi wa wembe, akabonyeza kitufe. Jemadari akaanza kutembea. Ofisi nzima ikaangua kicheko.

"Dada, huyu anakwenda vitani au kliniki?"

Nyonga moja ilitokeza, bega limeinama, mkono wa tatu umekunjwa kukumbatia hewa. Mchoraji akaelewa papo hapo. Wiki nzima alikuwa akijipanga mbele ya kioo cha kabati nyumbani ili achore mkao wa vita, mwiko ukiwa ndio upanga, binti yake kiunoni kwa kuwa akiwekwa chini analia. Kwenye picha alimfuta mtoto. Mwilini mwake akasahau kumfuta.

"Mnyooshe," bosi alisema. "Saa kumi akiwa bado hivi, tutaagana kwa wema."

Mchoraji alikwenda chooni, akasimama mbele ya kioo ili awe jemadari peke yake. Akakunja ngumi, akatoa kifua. Nyonga ikatoka. Akairudisha, ikatoka ya pili. Akanyanyua brashi ya choo iwe upanga, labda ingesaidia. Mhasibu aliyeingia kunawa mikono akarudi kinyumenyume.

"Samahani, mama. Endelea tu."

Zilipobaki dakika arobaini akaacha kugombana na mgongo wake, akachora kilichokosekana: kitoto cha magamba, kimelala kwenye mkono wa tatu, mdomo wazi.

"Nilikwambia umnyooshe," bosi alisema.

"Nimeshindwa, bosi. Ila ukimjia upande wa mtoto, huyu anaacha kushambulia. Anamfunika kwanza."

Fundi wa miondoko hakucheka. "Basi udhaifu wake ndio huo. Mwezi mzima tunautafuta!" Akaandika amri hiyo chapuchapu, akamkabidhi bosi mchezo.

Bosi akacheza. Kila alipopata nafasi upande wa mtoto, kidole chake kilisita, jemadari akapata wasaa wa kuinua upanga tena, ukamshukia. Akafa mara tatu.

"Sasa mtu unampigaje huyu?" alinung'unika. Kisha, bila kugeuka: "Jumatatu, saa mbili kamili."

Mchoraji aliitikia kwa heshima zote, akatembea polepole mpaka kwenye ngazi, ndipo akapiga simu.

"Mama, wamenichukua!"

"Alhamdu... mwanangu! Umewafanyia nini?"

Akafikiri. "Nimeshindwa kusimama wima, mama."

"Na huko wanalipia hilo?" mama yake akauliza. "Mimi kwa hilo nilikuwa nakufinya."